Kwa Nani? Neno “Home” katika Kifaransa



Waingereza wana majigambo ya zamani kwamba Wafaransa hawana neno la “home”. Husemwa kwa mzaha, lakini ndani ya mzaha mna hukumu: asiye na neno hana na kitu chenyewe. Mfaransa, kwa mujibu wa majigambo hayo, ana mkahawa wake, ana mtaa wake na ana ukumbi wake wa tamthilia, ila jioni ikiingia hana pa kuita kwake. Nimeombwa nizungumzie ugumu wa kufasiri maneno ya kila siku kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, nami nimelichagua neno hili moja kwa sababu majigambo hayo yanatupa pa kuanzia. Ni ya uongo, na uongo wake unafundisha.

Nadai hivi: Kifaransa kina njia nyingi za kusema “home”, na zile zinazotumika zaidi hudai jambo ambalo Kiingereza hakidai. Hutaka kujua mwenyewe ni nani. Mfasiri anayesaka neno moja la kupachika kila mahali palipoandikwa “home” atahangaika mpaka kuche. Anayeanza kwa kuuliza “kwa nani?” ameshafika nusu ya njia.

Neno lisilomtaja mwenyewe

“Home” limetokana na “hām” la Kiingereza cha kale, lililomaanisha kijiji au makao, na mabaki yake bado yamo katika majina ya miji kama Birmingham na Nottingham. Leo neno hilo limebeba nyumba unamolala, jamaa unaoishi nao, mji ulikozaliwa, nchi yako, kituo cha kutunzia wazee, uwanja wa timu yako na ukurasa wa kwanza wa tovuti. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1782, inaitwa Home Office mpaka leo. Mzigo wote huo umepakiwa kwenye silabi moja.

Wingi wa maana peke yake usitutishe, kwa kuwa lugha zote zina maneno ya namna hiyo. Kinachomtega mfasiri ni sarufi. Kiingereza husema mtu anakwenda “home” kama kinavyosema anakwenda juu au chini, bila kihusishi na bila kimilikishi. Unaweza kuandika aya nzima ambamo watu watano wanarudi “home”, na msomaji asijue kama wanarudi nyumba moja au nyumba tano. Kiswahili nacho kina uwezo huo. “Naenda nyumbani” ni sentensi kamili, wala hakuna atakayeuliza ni nyumbani kwa nani. Lakini Kiswahili kina pia kwangu, kwako na kwake. Kwa hiyo sisi tunakaa pande zote mbili za mpaka huu, na nitawaonyesha faida ya kukaa hapo.

Wagombea wanne

Mwanafunzi wa Kifaransa hujiwa kwanza na “maison”. Asili yake ni “mansio” ya Kilatini, yaani mahali pa kukaa au kulala njiani. Mara nyingi neno hili linatosha. “À la maison” ni nyumbani kwa maana ya kila siku, na chakula kilichopikwa nyumbani ni “fait maison”. Maneno hayo mawili yana ulinzi wa sheria: tangu mwaka 2014 mkahawa wa Ufaransa huyaandika kwenye orodha yake kwa chakula kilichopikwa papo hapo kutokana na vyakula vibichi, si kwa kilicholetwa tayari na kupashwa moto. Hata hivyo “maison” ni pia kampuni ya manukato na mitindo, na nyumba iliyohamwa, yenye buibui na mlango uliong’oka, bado ni “maison”. Kwa Kiingereza ingekuwa “house” tu. Jina la “home” ingekuwa imeshalipoteza.

Mgombea wa pili ni “foyer”, na huyu ndiye mwenye joto, kwa sababu maana yake ya kwanza ni meko. Ukilisikia katika hotuba ya harusi unaona familia imeuzunguka moto. Ila usilifuate kwa macho yaliyofumbwa. Ofisi ya kodi ya Ufaransa hulitumia kwa kaya inayojaza fomu moja ya mapato. Madaktari hulitumia kwa mahali mlipuko wa ugonjwa unapoanzia. Na mwaka 1956 serikali iliunda shirika lililokuja kujulikana kama Sonacotra, kwanza kwa ajili ya kuwapatia malazi wafanyakazi kutoka Algeria. Mabweni ya aina hiyo baadaye yakapokea pia wanaume wa Mali, Senegali na Mauritania, na kila bweni liliitwa “foyer”. Mtu aliyezeekea humo, akituma fedha kijijini mwezi baada ya mwezi, aliishi ndani ya neno la meko ilhali meko yake yalikuwa ng’ambo ya bahari. Mfasiri akiandika kwamba huyo bwana yuko “au foyer”, msomaji wa Paris ataona korido na kitanda cha chuma, hataona mke na watoto.

Wa tatu ni “domicile”, neno la karani na hakimu. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 102, inasema domisili ya Mfaransa ni pale yalipo makazi yake makuu. Kanuni ya Adhabu ya 1810 nayo ilimtambua mzururaji kwa kukosa makao ya kudumu, kukosa njia ya kujikimu na kukosa kazi. Uzururaji ulibaki kosa la jinai mpaka kanuni mpya ilipoanza kutumika Machi 1994. Ndiyo maana asiye na nyumba, ambaye Kiingereza humwita kwa kile alichopoteza, Kifaransa humwita kwa anwani asiyokuwa nayo: “sans domicile fixe”, kwa kifupi SDF. Neno hili lina harufu ya kituo cha polisi. Mama katika riwaya akimwambia mwanawe kwamba sasa wana “home”, mfasiri akaandika “domicile”, atakuwa amemwingiza askari sebuleni. Michezoni, kinyume chake, halina ubaya wowote: timu hucheza “à domicile” kama yetu inavyocheza nyumbani, na ikisafiri sisi tunasema imekwenda ugenini.

Wa nne ni “pays”, yaani nchi, lakini pia sehemu ndogo ya nchi ambayo mtu huihesabu kuwa yake. Hamu ya kurudi huko ni “mal du pays”. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliandika tasnifu huko Basel kuhusu ugonjwa huo, akaupa jina jipya kwa mizizi ya Kigiriki: nostaljia. Mfano aliokuwa nao ni Waswisi waliodhoofika wakiwa mbali na kwao, na baadaye ugonjwa huo ukahusishwa hasa na askari wa Uswisi waliopigana kwa kulipwa katika majeshi ya wafalme wa nje. Mfaransa huitaja nchi anayoiugulia, na Mwingereza katika hali hiyohiyo huitaja “home”.

Chez na kwa

Sasa nifike kwenye neno dogo linalofanya kazi kubwa kuliko hayo manne. “Chez” lilikuwa nomino, na wanaisimu hulitoa kwenye “casa” ya Kilatini, yaani kibanda au nyumba. Karne zilivyopita nomino hiyo ikachakaa, kikabaki kihusishi. Leo “chez” haliwezi kusimama peke yake. Lazima lifuatwe na mwenyewe: “chez moi”, “chez ma mère”, “chez le coiffeur”. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi: kwangu, kwa mama, kwa kinyozi. Hata matumizi yake ya kitaaluma tunayo. Mfaransa akisema “chez Platon” hazungumzii nyumba ya Plato, anazungumzia maandishi yake, nasi husema kwamba kwa Plato haki ina maana fulani.

Hapa ndipo majigambo ya Waingereza yanapoanguka. Hebu linganisheni methali mbili. Mwingereza husema “home” ya Mwingereza ni ngome yake. Mfaransa husema “charbonnier est maître chez soi”, yaani mchoma makaa ni bwana kwake. Husimuliwa kwamba Mfalme François wa Kwanza, alipopotea mawindoni, alipata hifadhi kwa mchoma makaa ambaye alikikalia kiti kizuri mwenyewe bila kumpisha mgeni wake. Methali zote mbili zinatetea haki ileile. Ya Kiingereza inaieleza kwa jengo na kuta zake, na ya Kifaransa inaieleza kwa mtu na uwezo wake wa kukaa anapotaka.

Siasa nayo imelionja neno “chez”. Katika uchaguzi wa Québec wa Novemba 1962, chama cha Jean Lesage kilitaka kutaifisha kampuni za umeme na kikaja na kaulimbiu “Maîtres chez nous”, mabwana kwetu. Magazeti ya Kiingereza yalipoifasiri yaliongeza nyumba ambayo Kifaransa hakikuitaja. Miaka ya karibuni mikutano ya mrengo mkali wa kulia nchini Ufaransa imesikika ikiimba “on est chez nous”, yaani hapa ni kwetu, na kila mhamiaji aliyesikia alielewa nani ametolewa nje ya hiyo “nous”. Neno linalodai mwenyewe linaweza pia kumkana mtu.

Angalieni pia umoja na wingi. Mkazi wa Dar es Salaam akiulizwa “kwenu wapi?” atajibu Bukoba au Tanga, hata kama amezaliwa Ilala. Kwangu ni pale ninapolipa kodi ya pango, na kwetu ni pale palipo makaburi ya wazee. Kifaransa nacho kinaweza kutofautisha “chez moi” na “chez nous” kwa namna inayokaribia hiyo, hasa vinywani mwa watu wa mashambani. Kiingereza humeza zote mbili katika “home”. Kwa hiyo mfasiri akikutana na mhusika anayesema anaikumbuka “home”, inambidi aamue: anakumbuka chumba chake, au anakumbuka ukoo wake?

Kuna nyakati Kifaransa huitupa nyumba kabisa. Mwingereza akiingia mlangoni jioni hutangaza kwamba yuko “home”. Mfaransa, katika nafasi hiyohiyo, huita “C’est moi!”, yaani ni mimi. Kurudi nyumbani mara nyingi ni kitenzi tu, “rentrer”. Na ukurasa wa kwanza wa tovuti ni “page d’accueil”, ukurasa wa mapokezi. Mwingereza anaambiwa amefika kwake, Mfaransa anaambiwa karibu mgeni. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Uingereza iliwaambia raia wakae “home” na ile ya Ufaransa ikawaambia “Restez chez vous”, kaeni kwenu. Waliolala vibarazani walilisikia tangazo hilo pia, na katika Kifaransa kile kiwakilishi cha “vous” kiliwagusa moja kwa moja.

Neno mbele ya majaji

Mtaniuliza kama haya yana uzito nje ya darasa. Nawapa kesi.

Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulisainiwa Roma tarehe 4 Novemba 1950 kwa Kiingereza na Kifaransa, na matini zote mbili zina nguvu sawa kisheria. Kifungu cha 8 kinalinda maisha ya faragha na ya familia, mawasiliano, na kitu ambacho Kiingereza kinakiita “home” na Kifaransa kinakiita “domicile”. Mwaka 1986 polisi wa Ujerumani Magharibi walipekua ofisi ya wakili aitwaye Niemietz mjini Freiburg, wakitafuta fununu za mtu aliyeandika barua ya kumtusi hakimu. Wakili akalalamika, na shauri likafika mahakamani Strasbourg. Serikali ya Ujerumani ikajibu kwamba Mkataba unalinda makazi, na ofisi si makazi.

Kwa anayesoma Kiingereza peke yake, hoja ya serikali ina mashiko, kwani ni nani anayeiita ofisi “home”? Lakini katika hukumu yake ya tarehe 16 Desemba 1992, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililigeukia pia neno la Kifaransa. Ilisema “domicile” lina upana kuliko “home” na linaweza kufika hadi kwenye ofisi ya mtu wa taaluma kama wakili. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zake, na ikaamua kwamba kifungu cha 8 kilivunjwa. Neno lililoonekana la kikarani, lisilo na joto, ndilo lililosaidia kuulinda mlango wa wakili. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Société Colas Est dhidi ya Ufaransa, ulinzi huo ulifikishwa hadi kwenye majengo ya kampuni.

Upana wa “home” nao ulipata siku yake. Katika kesi ya Gillow dhidi ya Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1986, mume na mke walikuwa na nyumba kisiwani Guernsey, wakaondoka mwaka 1960 na wasirudi mpaka 1979. Walipotaka kuishi humo tena walinyimwa kibali. Mahakama iliona kwamba nyumba ile ilibaki kuwa “home” yao, kwa sababu hawakuwa wamejenga makao mengine Uingereza na uhusiano wao nayo haukukatika. Kwa karibu miaka 19 hawakuwa wameishi humo, na bado palikuwa kwao.

Majalada na mabweni

Wachapishaji wa Ufaransa wamelikabili swali letu kwa njia tofauti. Marilynne Robinson na Toni Morrison, wote Wamarekani, kila mmoja ana riwaya iitwayo “Home”, ya kwanza ya mwaka 2008 na ya pili ya 2012. Ya Robinson, inayohusu watoto wanaorudi kwa baba yao mchungaji, ilitoka kwa Kifaransa kwa jina “Chez nous”. Ya Morrison, inayomhusu askari Mweusi aliyerejea kutoka Vita vya Korea katika nchi inayombagua, ilibakia “Home”. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Familia ya Robinson ina “nous” ya kutosha, hata ikigombana. Yule askari bado anatafuta kiwakilishi cha kuweka baada ya “chez”. Filamu maarufu ya 1990 ya mtoto aliyesahaulika peke yake nyumbani ilikwenda mbali zaidi: jina lake la Kifaransa, “Maman, j’ai raté l’avion!”, limeiacha nyumba na kumweka mtoto akizungumza na mama yake.

Neno la Kiingereza lenyewe limeingia Kifaransa tangu karne ya 19, na Wabelgiji wamelipa kazi yao: “home” kwao ni nyumba ya wazee au bweni la wanafunzi. Wakaja nalo Kongo. Katika vyuo vikuu vya Kinshasa na Lubumbashi mabweni huitwa “homes”, na mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kulala “home” mwaka mzima kisha, likizo ikifika, akasema anarudi kwao. Neno limevuka lugha mbili, na njiani limedondosha maana ileile iliyowafanya Waingereza wajigambe.

Kurudi wapi?

Nimalizie kwa mahali ambapo swali la “kwa nani?” lina uzito kuliko pengine pote. Wakimbizi wanaporudi, Kiingereza husema wanarudi “home”. Je, ni nchi au ni nyumba? Azimio namba 194 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 11 Desemba 1948, linazungumzia wakimbizi wa Palestina wanaotaka kurudi kwenye “homes” zao, kwa wingi. Matini ya Kifaransa inasema “dans leurs foyers”. Hapo mfasiri angeandika “dans leur pays” angebadilisha mgogoro wenyewe, maana kurudi nchini si sawa na kurudi kwenye meko yako. “Foyer”, neno nililowaonya dhidi yake hapo awali, hapo limekaa mahali pake hasa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, mazungumzo ya amani ya Rwanda yaliyofanyika Arusha yalizitenganisha nchi na nyumba waziwazi. Itifaki ya Juni 1993 kuhusu kurejea kwa wakimbizi ilitambua haki ya kila Mnyarwanda kurudi nchini. Lakini kwa walioondoka zaidi ya miaka kumi nyuma, ilipendekeza wasizidai mali zao zilizokwisha kukaliwa na wengine, na serikali iwatafutie ardhi nyingine. Nchi walirudishiwa, nyumba hawakurudishiwa. Neno “home” lingezifunika zote mbili kwa blanketi moja.

Tangu mwaka 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekubali Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza. Baadhi yenu mtaajiriwa kufasiri hati zake, na nyingi zitakuwa zimeandikwa kwanza kwa Kiingereza. Msikubali neno fupi liwaharakishe. Likitokea “home”, muulizeni mwandishi anamzungumzia nani, huyo mtu analala wapi, na wapi wanamhesabu kuwa mwenzao. Asipojua, mrudishieni hati yake aifafanue kabla hamjaifasiri, kwa sababu utata aliouacha yeye utaamuliwa na mtu fulani, na ni afadhali aamue aliyepewa mamlaka hayo kuliko mfasiri aliyebanwa na saa.